Chuya

Sampuli namba arobaini na saba ilikuja Jumanne
imevikwa barafu, Riga nzima ikiwa imevikwa barafu,
mto Daugava umelala mweupe
kama meza isiyopangwa vyombo.
Mwenye damu ni fundi wa lifti, miaka ishirini na sita.
Jina lake sikupaswa kulijua,
ila muuguzi Vizma ana mdomo usio na kifuniko:
Guntars, akasema, ana grisi kwenye kucha,
wiki tatu tu tangu homa ile aliyodhani ni mafua.

Hajameza kidonge hata kimoja.
Kipimo cha kawaida kikasema: safi,
virusi hivi vitasalimu amri kwa dawa yoyote.
Karatasi ikapigwa muhuri.

Lakini kipimo cha kawaida ni sikio la mkutanoni.
Husikia wengi wanaopiga makofi;
wanaonong'ona viti vya nyuma,
wasiofika hata ishirini katika mia,
hakiwasikii.

Mama alikuwa akimwaga nafaka mezani, chini ya taa,
akiichambua kwa kidole kimoja, punje kwa punje, chuya huku, jiwe kule.
"Jiwe moja," alisema, "halijui kwamba liko peke yake.
Jino ndilo linalojua."

Basi nikachambua.
Nikazidisha nakala usiku kucha,
nikasoma uzi mmoja mmoja, maelfu,
A A A, A A A, A A A,
mpaka macho yakaanza kusikia kilio,
A A A,
kisha A A C.
Nafasi ya mia na tatu.
Herufi moja tu, na kitasa kimebadilishwa:
dawa itafika na ufunguo wake,
itahangaika mlangoni.

Wawili katika mia. Pengine pungufu.
Pengine ni kigugumizi cha mashine,
kwani mashine nayo huchoka, kama mimi.
Nikarudia. Vitendanishi vilikuwa vya mradi mwingine,
nitajieleza Jumatatu.
Wawili na ushei.

Hapo nikakaa.
Damu ya Guntars inakumbuka kidonge
ambacho Guntars hajawahi kukiona.
Mtu mwingine alikimeza, akakiacha, akakimeza tena:
labda duka la dawa lilifungwa saa kumi na moja
na zamu yake iliisha kumi na mbili,
labda alikificha kwenye soksi, mama mkwe asikione,
labda kilimtapisha tu.
Simtafuti. Simlaumu.
Jina lake halimo kwenye uzi.
Zilizomo ni zile siku alizokosa,
zimefupishwa kuwa herufi moja,
zikapokezanwa gizani, kwa mapenzi,
kama deni linalorithiwa na asiye ndugu.

Saa moja asubuhi nikampigia daktari Uldis.
"Asilimia mbili," akasema, "hiyo ni vumbi.
Mwongozo hauihesabu."
Mwongozo nilikuwa nao mkononi, una doa la chai.
Nikamwambia: mpe dawa ile,
wale tisini na wanane watanyamaza,
nyumba itabaki wazi kwa hao wawili,
nao wanajua kuzaa.
Nikamwambia pia kwamba sina hakika.
Kwamba wapo waliokuwa na wawili kama hawa
na wametulia kwa miaka, kwa dawa hiyo hiyo.
Sikutaka kulisema hilo. Nikalisema.

Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni mwake,
kikizunguka,
kikasimama.
"Nafasi ya ngapi, ulisema?"

Nikamtajia.
Akaniomba nirudie, polepole, anaandika.

Lifti yetu ni mbovu tangu Krismasi.
Nikashuka kwa ngazi, nimeshika ukuta,
nikizihesabu,
na ghorofa ya tatu hesabu ikanipotea.